Nguo za marehemu mama: jinsi ya kuzishona ziwe blanketi la viraka

Swali kutoka Uyole, Mbeya: Shikamoo fundi. Mama yetu alifariki mwaka jana kule Tukuyu. Watoto tuko wanne. Sandukuni kwake zimebaki khanga nyingi, magauni matatu ya kitenge, sare yake ya umoja wa akina mama kanisani, sweta alilofuma mwenyewe, na suti ya Kaunda ya baba ambayo mama aliitunza tangu baba alipotutoka. Nataka tushone blanketi moja la viraka kabla ya ibada ya shukrani mwezi wa nane, ila naogopa kukata. Mama mdogo anasema nguo za marehemu hugawiwa, hazikatwi. Nianzie wapi, nguo ngapi zinatosha, na fundi wa huku mtaani ataiweza kazi hii? Cherehani ya kukanyaga ninayo, lakini najua kushona pindo tu.

Jibu:

Marahaba mwanangu, na poleni sana wote. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kushika mkasi, maana kwenye kazi hii karibu kila kinachoharibika huharibika cherehani ikiwa bado imefunikwa. Inakatwa nguo ambayo ndugu mwingine alikuwa akiitamani, au kitambaa kizito kinaunganishwa na chepesi, halafu ufuaji wa kwanza unakichana. Kushona kwenyewe ni mistari iliyonyooka. Anayejua pindo anaweza.

Nianze na mama mdogo, na nakuomba usimpuuze. Katika familia nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini nguo za marehemu hugawiwa matanga yanapomalizika, na aliyepewa khanga ya dada yake anaitunza kama ushahidi kwamba walikuwa wa karibu. Kwa hiyo toa kila kitu sandukuni, tandaza kitandani, piga picha nguo moja moja, kisha watumie ndugu zako watatu pamoja na mama mdogo. Waulize jambo moja tu: ni ipi usingependa ikatwe? Subiri wote wajibu, hata yule ambaye simu yake haipatikani hadi jioni. Nguo atakayoitaja mtu iende kwake ikiwa nzima, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Zitakazobaki ndizo za blanketi. Na kwa zile zilizokwisha kugawiwa msibani, mwombe kila aliyepewa akukatie kipande mahali pasipoonekana, mfano kwenye akiba ya kitambaa iliyokunjwa ndani ya pindo la gauni. Upana wa vidole vinne unatosha kushonewa juu ya kiraka kingine. Mama mdogo akijua kwamba na khanga aliyopewa yeye itakuwa na sehemu yake humo, naamini atakusikiliza kwa sikio jingine.

Kukata kwa mkono wa upendo si kukosa adabu. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend huko Alabama, Marekani, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za marehemu za kazi za shambani, akazishona blanketi la kujifunika ili aendelee kumkumbuka. Blanketi lile lipo mpaka leo, na kupauka kwa zile nguo kunaonekana waziwazi. Hakutafuta vitambaa vizuri zaidi vya kufichia alama za jembe, na wewe usitafute.

Kabla hujafua chochote, chagua nguo moja ambayo bado ina harufu ya mama. Aghalabu huwa ni khanga aliyokuwa akijitanda au kilemba chake. Hiyo usiifue. Itie kwenye mfuko safi wa plastiki unaofungika, kamua hewa, funga, na usiwe unaufungua kila mara. Harufu ikishaondoka na sabuni hairudi tena, na nimeona watu wakilijutia hili kuliko jambo jingine lolote la kazi hii.

Nyingine zote zifuliwe. Eneo la Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nguo zilizofungiwa sandukuni huko hushika ukungu na uvundo hata zikiwa zimekunjwa vizuri. Zikung'utie nje, fua kwa sabuni, anika juani zikauke kabisa. Madoa meusi ya ukungu yaliyokwisha kuingia kwenye nyuzi mara nyingi hayatoki, basi utayakwepa wakati wa kukata. Kama mama aliugua na kuna doa la damu, anza na maji baridi, kwa sababu ya moto huligandisha. Halafu chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua kila khanga na kila kitenge, hasa vyekundu, vyeusi na bluu iliyokolea. Kinachoacha rangi kwenye kitambaa cheupe kifuliwe peke yake tena na tena mpaka maji yawe maangavu. Kisipokoma, kiache nje ya blanketi, kisije kuchafua vingine vyote siku ya kufua.

Baada ya hapo jaribu uimara. Shika kitambaa kwa mikono miwili, dole gumba kwa dole gumba, kivute kama unayekamua nguo, kisha kiinue dirishani uangalie mwanga unavyopita. Penye nyuzi zilizolegea patakuonyesha vitundu vidogo kama chujio. Khanga huisha sehemu inayokaa begani na kiunoni, gauni kwapani na makalioni, suruali magotini. Usiitupe nguo nzima kwa ajili ya sehemu moja. Pindo la khanga kuukuu mara nyingi bado ni imara wakati katikati pamekwisha.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe, yaani suti ya baba. Kitambaa cha suti ya Kaunda ni kizito na hakichoki upesi, na khanga ya mama ni pamba nyepesi iliyofuliwa miaka na miaka. Ukivipanga kama ubao wa drafti, kipande cha suti kando ya kipande cha khanga, siku blanketi litakapoloa maji ile suti itavuta na khanga itaachia pembeni mwa mshono. Uzi utabaki mzima, kitambaa ndicho kitakachochanika, na mpasuko wa namna hiyo kuuziba ni shida. Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, kila kipande cha khanga kishonewe nyuma yake kipande cha pamba cha ukubwa uleule. Shuka jeupe kuukuu lililo imara linafaa sana. Pili, suti isiingie katikati ya viraka hata kidogo. Ifanye iwe ukingo unaozunguka blanketi lote.

Na hapo nina habari njema: huhitaji kuligusa koti. Suruali ina mapande manne, mawili ya mbele na mawili ya nyuma. Ifumue mishono yote, ipige pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa kibichi, maana suti nyingi za aina hii zina nyuzi za poliesta na pasi kali huziachia mng'aro usiotoka. Kisha kata mikanda ya upana wa inchi 4 kufuata urefu wa mguu, ukikwepa magoti kama yamechoka. Ukiiunganisha utapata mkanda wa kutosha kuzunguka, au karibu kutosha. Koti la baba, pamoja na mifuko yake minne na vifungo, libaki zima kwa kaka yenu mkubwa au atakayekubaliwa na wote.

Idadi sasa. Kitanda cha tatu na nusu kwa sita kinapendeza na blanketi lenye viraka 7 kwa upana na 9 kwa urefu, jumla 63. Kila kiraka kikatwe inchi 9 kwa 9. Mshono unakula nusu inchi kila upande, kwa hiyo kikishashonwa kinabaki inchi 8. Hesabu inakuja inchi 56 kwa 72. Ongeza ukingo wa suti, ambao ukishashonwa unabaki inchi 3, unapata 62 kwa 78. Kwenye kona nne weka viraka vidogo vya kitenge vya inchi 4 kwa 4, usihangaike kukunja kona za suti. Magauni matatu na khanga tatu au nne zitatoa viraka hivyo bila shida, kwa kuwa khanga moja isiyochoka ina upana wa kutoa hata viraka ishirini. Kama ndugu wamechagua nyingi na zimebaki chache, punguza: viraka 5 kwa 6 vinatoa blanketi la kufunika magoti, na kwa baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba litatumika kila jioni.

Usilazimike kukata khanga zote. Chukua doti moja, ile aliyoipenda zaidi na iliyo imara, iwe mgongo wa blanketi. Khanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43. Tenganisha zile mbili, kisha ziunganishe kwa pande zao ndefu, na majina yote mawili, yaani yale maneno yaliyochapwa, yakisomeka kutoka upande mmoja. Utapata kama inchi 59 kwa 85. Urefu unatosha, upana unapungua, basi ongeza mkanda wa shuka wa inchi 5 kila upande. Hivyo jina, mji na pindo la khanga vitabaki jinsi vilivyochapwa, na atakayeligeuza blanketi atayasoma maneno ambayo mama aliyachagua mwenyewe dukani. Khanga zitakazokatwa viraka nazo, jina lake likatwe kama mkanda mmoja mrefu na kushonewa juu ya safu ya viraka. Sikushauri uligawanye jina katikati ya neno. Mama alinunua khanga ile kwa sababu ya maneno yake, na nusu ya usemi haimsemei.

Sare ya umoja wa akina mama inahitaji busara ya aina nyingine. Kama imechapwa msalaba, picha au jina la kanisa, wapo watakaokwazika kuona limelaliwa au kukaliwa. Mimi huchukua sehemu yenye maua au rangi tupu, na ile yenye alama naikata nzima na kuiweka kwenye fremu ya kioo, itundikwe sebuleni. Uliza wenzake wa kwenye umoja, huenda wana utaratibu wao wa sare ya aliyefariki.

Sweta usilikate. Kama ni la manyoya ya kondoo litanywea na kuwa zito, kama ni la uzi wa kiwandani litafumuka kila utakapopitisha mkasi, na kwa vyovyote halikai vizuri kando ya khanga. Ukitaka kujua ni la namna gani, chomoa uzi mmoja mdogo ndani ya mshono na uuchome juu ya sahani. Manyoya hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. La manyoya lifue kwa maji ya baridi bila kulisugua, na ulikung'ute mara kwa mara kwa sababu nondo hupenda kutaga humo. Kisha mmoja wenu alivae. Kazi ya vidole vya mama imo katika kila kifundo chake, na huku kwetu sweta halikosi mwili wa kulivaa.

Kukata: tengeneza kipimo cha boksi gumu, inchi 9 kamili, na kona zake uzihakikishe kwa daftari au kigae. Chora kwa chaki au kipande cha sabuni kikavu, na upande wa kipimo ufuate nyuzi za kitambaa hata kama maua yatakaa kombo kidogo. Kilichokatwa mshazari kitavutika na safu nzima itapinda. Kata viraka vyote kabla ya kushona kimoja, vipange sakafuni, zunguka, badilisha, acha vilale usiku mmoja ukiweza, uviangalie tena asubuhi. Ukiridhika piga picha, bandika kila kiraka karatasi yenye namba ya safu na nafasi yake.

Shona safu kwa safu, sindano namba 14, uzi imara wa rangi ya kijivu, ambao hauonekani sana juu ya rangi yoyote. Ukifika kwenye ukingo wa suti badilisha uweke namba 16. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kwa pasi kuelekea kulia, ya pili kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Safu mbili zikikutana, mishono itapishana na kona za viraka zitakaa sawa bila kurundikana. Cherehani yako ya kukanyaga inafaa kabisa, maana unaiendesha polepole na inapenya matabaka.

Katikati weka blanketi jembamba la mtumba. Sokoni Mwanjelwa hukosi, na usinunue lenye manyoya mazito kwa sababu litakushinda kulishona na kulifua. Lifue kwanza, na lile shuka la mikanda vilevile, pamba ambayo haijafuliwa hunywea na kukunja kazi yote. Tandaza mgongo sakafuni, jina likiangalia chini, blanketi juu yake, viraka juu kabisa. Nyoosha kutoka katikati kwenda nje, piga bandi, yaani mishono ya kushikiza kwa muda, kwa nyuzi ndefu kila baada ya shibiri moja. Mgongo uzidi inchi 2 kila upande, uukunje mara mbili kuja mbele na kuushona kama pindo. Hiyo ndiyo kazi unayoijua tayari.

Kushikanisha matabaka matatu kwa cherehani ndiko kunakowashinda wengi, kitambaa cha juu kinasogea na cha chini kinabaki. Usihangaike nako. Funga mafundo. Kwa shazia, ile sindano kubwa, na uzi mnene wa pamba, choma kutoka juu kwenda chini kwenye kila makutano ya viraka, rudisha sindano juu nusu inchi pembeni, funga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, acha mikia ya inchi moja. Kwa viraka vya inchi 8 na blanketi katikati, nafasi hiyo inatosha.

Kama cherehani itakugomea kabisa, iko njia ya mkono mtupu. Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao asili ya wengi wao ni Afrika Mashariki, hushona mablanketi yao ya nguo kuukuu kwa kuanzia ukingoni na kuingia ndani pole pole, wakiongeza viraka na kuvishona moja kwa moja juu ya kitambaa cha chini kwa mishono midogo ya mkono, wakizunguka mpaka wafike katikati. Hakuna safu wala kupima kona. Inachukua muda, lakini inakubali kitambaa chochote chepesi na kipande cha umbo lolote, hata vile vipande vya mapindo mtakavyopewa na ndugu.

Kuhusu fundi wa mtaani: ataweza, mradi usimpelekee nguo nzima. Mpelekee viraka vilivyokwisha kukatwa na kupewa namba, mwonyeshe picha ya mpangilio, mwambie mshono ni nusu inchi na asipunguze pembeni hata akiona kitambaa kimepinda. Ashone safu moja ukiwa umekaa hapo, uipime. Ikitoka inchi 56, mwachie nyingine. Mabaki yote yarudi kwako. Mweleze wazi kwamba ni nguo za marehemu, fundi mwema atazishika kwa namna nyingine. Na usimpelekee kuanzia Desemba hadi Januari, kati ya nguo za Krismasi na sare za shule kazi yako itakaa chini ya meza.

Kulifua likishakamilika, ni maji ya baridi kwenye karai kubwa, kukandamiza bila kusugua, na watu wawili wa kulinyanyua, kwa sababu uzito wa maji ndio unaochana. Anika juu ya kamba mbili zilizo sambamba, kivulini penye upepo. Kulitunza, tumia foronya ya pamba, usitumie mfuko wa plastiki, na kila baada ya miezi michache likunje kwa mikunjo tofauti.

Mwezi wa nane hauko mbali, kwa hiyo gawa kazi. Viraka, ukingo na pindo vimalizwe Uyole. Mafundo yaache mpaka mkesha wa ibada, mtakapokuwa mmekusanyika Tukuyu. Hayahitaji umeme wala ujuzi, na makutano ya viraka ni 48, yanatosha kila mtoto, mjukuu na mama mdogo kufunga yake. Nenda na shazia nne, uzi wa kutosha na mkasi mdogo, na bandi usizifumue mpaka fundo la mwisho lifungwe.